Kapteni Edah na Msumari Usio na Picha

Saa moja kasoro asubuhi, Kapteni Edah Andati amepiga goti chini ya bawa la ndege katika uwanja mdogo wa Kakamega, na umande umeshalowesha suruali yake nyeusi. Mkononi ana kichupa cha plastiki. Anakibana chini ya tangi, mafuta kidogo yanachuruzika ndani, kisha anakiinua juu na kukikagua kwa jicho moja. Anatafuta maji.

"Maji yakiingia kwa mafuta, injini haiulizi wewe ni nani," anasema, kisha anajipangusa mikono kwa kitambaa na kuhamia bawa la pili.

Upande wa pili wa uwanja filimbi inalia. Mzee Osundwa, askari wa zamu anayetoka Shianda, anawafukuza ng'ombe waliojipenyeza kwenye ua na kujimegea nyasi za njia ya ndege. Anarudi akihema.

"Hawa ng'ombe ni ya mwalimu mkuu," ananung'unika. "Yeye amesoma sana, lakini ng'ombe yake haijasoma."

Edah anacheka mpaka anashika kiuno. Anauzunguka mkia wa ndege, anachungulia ndani ya tundu la injini kuhakikisha hakuna ndege wa angani aliyejenga kiota humo usiku, anagusa magurudumu. Abiria wameanza kufika. Ni ndege ya watu kumi na wawili ya Lirhanda Air, shirika dogo linalosafirisha watu kati ya Kakamega na Nairobi, na leo wamo wafanyabiashara wawili, mtawa, mama mwenye mtoto mchanga, na bwana mmoja wa suti ya kijivu ambaye hakai akatulia.

"Madam," bwana huyo anamwuliza, "hii kazi ulisomea university gani?"

"Sikusomea university, mzee wangu. Nilienda shule ya urubani."

Bwana wa suti anautazama mlango wa ndege. Anaitazama barabara aliyokuja nayo. Kisha anapanda, lakini anachagua kiti cha nyuma kabisa, kana kwamba huko nyuma ndege inaendeshwa na mtu mwingine.

Swali hilo Edah amelizoea. Ameulizwa na abiria, na mapadri, na mama mboga wa Mayoni alikozaliwa, na miaka mitano iliyopita aliulizwa na watu ambao jibu lao lilikuwa na uzito: bodi ya shirika lake mwenyewe. Alikuwa ameomba nafasi ya mkuu wa mafunzo, mtu anayewafundisha na kuwapima marubani wote wa shirika. Tangazo lilidai digrii. Edah hakuwa nayo, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Sasa iko wazi tena, itatangazwa Januari, na sharti halijaondolewa. Ndiyo maana Jumamosi ya wiki ijayo, mwanamke huyu wa miaka thelathini na saba atakaa kwenye dawati la chuo kikuu hapa mjini kurudia mtihani mmoja alioanguka. Akifaulu, atavaa joho Desemba. Asipofaulu, Januari itampita.

Tuseme wazi jambo ambalo watu wengi hawalijui. Sheria haimdai rubani digrii ili apewe leseni. Inadai masomo yake ya darasani, mitihani yake, daktari athibitishe afya yake, na saa za kuruka. Kwa leseni ya juu kabisa, ile ya kuongoza ndege kubwa za abiria, saa hizo ni elfu moja na mia tano. Edah amezipita hizo zamani. Kinachomzuia si sheria, ni ngazi za ofisini, na huko kila shirika hujiwekea masharti yake.

Lakini kule Mayoni, nyumbani kwa kina Andati, suala la digrii lilianza kabla bodi yoyote haijalijua jina la Edah.

Nyumba ya Mzee Andati imezungukwa na miwa pande tatu. Sebule yake ni kama sebule nyingi za huku kwetu: makochi yamevishwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, kalenda ya parokia iko juu ya runinga, na ukuta unaotazamana na mlango umetengewa picha za joho. Upande wa kushoto yuko Bramwel, kifungua mimba, mwalimu wa sekondari, na kofia yake ya pembe nne. Kulia yuko Tracy, kitinda mimba, muuguzi mjini Nairobi, anacheka na taji la karatasi za kumetameta shingoni. Katikati yao, mahali pa mtoto wa pili, pana msumari. Kwa miaka kumi na mitano msumari huo haukuning'inizwa kitu.

Aliyeupigilia ni mama mwenye nyumba, Immaculate. Aliupigilia wiki moja kabla ya sherehe ya Edah kuhitimu.

Edah alipomaliza kidato cha nne na alama nzuri za hesabu na fizikia, aliitwa chuo kikuu kusomea ualimu. Akakataa. Alitaka kurusha ndege. Mama alilia siku nzima. Baba akauza miwa iliyokuwa shambani na kipande cha shamba kilichoshuka hadi mtoni.

"Mama yake hakuongea na mimi mpaka palizi," anakumbuka Mzee Andati, ambaye kwa kawaida humwachia mkewe maongezi. "Nilikuwa nakulanga obusuma, hiyo ugali yetu, kimya kimya kama mgeni."

Pesa za shamba hazikutosha. Karo ya urubani si karo ya kuchekea. Ukaitishwa mchango wa ukoo, na mshereheshaji, kwa nia njema kabisa, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba watu wanamchangia Edah apate "digrii ya kurusha ndege". Hakuna aliyemsahihisha. Edah mwenyewe alikuwa amekaa pale mbele na kikapu cha michango miguuni, na anasema hata yeye siku hiyo hakuona tofauti. Watu wakatoa kuku, wakatoa mahindi, wakatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo.

Kwa hiyo alipomaliza, ukoo ulikuja kupokea ulichochangia. Hema likasimamishwa, fahali akachinjwa, kwaya ya parokia ikaja na kayamba. Shangazi walikuja na mataji ya karatasi shingoni tayari kumvisha. Mpiga picha alitoka Mumias. Edah akashuka kwenye gari akiwa na shati jeupe, tai nyeusi, na leseni mfukoni.

"Mjomba mmoja akauliza kwa sauti, 'Joho iko wapi?'" anasimulia Edah. "Kayamba zikanyamaza. Nikatoa leseni nikawaonyesha. Ni kitu kidogo, kinaingia kwa mfuko. Wakaipitisha mkono kwa mkono, wakageuza, wakarudisha. Mtu akasema, 'Hii ni kama ya dereva.'"

Mama Immaculate hakutaka aibu. Aliingia chumbani, akatoa joho la Bramwel sandukuni, akalipiga pasi haraka na kumletea bintiye nyuma ya jikoni. Alimwomba alivae kwa picha moja tu.

"Nilikataa," anasema Edah. "Nilimwambia, mama, hii ni kazi ya Bramwel. Yeye ndiye alisomea. Mimi sikusomea hii. Akalikunja polepole, akarudisha. Hakuniambia kitu. Afadhali angenichapa."

Watu walikula, wakashukuru, wakaondoka wakinong'ona. Wapo waliosema msichana alifukuzwa shule. Wapo waliosema pesa ya shamba ilikwenda na maji. Picha aliyopigwa siku hiyo akiwa na sare yake mama aliipokea, akaiweka ndani ya kabati la vioo, nyuma ya vikombe vya wageni. Ukutani hakuipeleka.

"Ukutani ni pa joho," Mama Immaculate anasema, na hata sasa hatabasamu anaposema. "Mimi nilijua mtoto akimaliza anavalishwa. Huyu yangu akakuja na shati nyeupe kama karani ya stesheni. Sasa mimi ningesema nini kwa watu?"

Mambo hayakumsaidia Edah kujitetea. Baada ya leseni alikaa karibu miaka miwili bila kazi, maana mashirika yalitaka marubani wenye saa nyingi, na saa nyingi huzipati bila kazi. Aliuza sweta za mitumba soko la Shianda. Wateja waliomjua walimwita Pailoti, na haikuwa kwa heshima.

"Mtu anachagua sweta, anasema, 'Pailoti, punguza bei, si wewe unapaa?'" anasema. Leo anacheka. Anakiri kwamba siku zile hakucheka.

Kisha ikapatikana kazi Lodwar. Aliketi kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, akapeleka dawa, samaki, magodoro ya zahanati, na safari moja mbuzi wanne waliofungwa miguu ambao harufu yao ilikaa ndani ya ndege muda mrefu kuliko kitu chochote alichowahi kubeba. Akajifunza kutua kwenye mchanga. Akapanda hadi kiti cha kushoto, cha kapteni. Lirhanda Air ilipofungua kituo Kakamega, aliomba kazi hiyo siku aliyosikia habari. Alitaka kuruka juu ya nyumbani.

Hapo ndipo alipogundua anapenda kufundisha kuliko kitu kingine. Marubani wadogo walipangwa naye mmoja baada ya mwingine, na aliwaonyesha mambo ambayo uwanja huu unayataka: jinsi joto la mchana linavyoinyima ndege nguvu ya kupaa, jinsi mawingu yanavyotoka upande wa Nandi, yakajikusanya juu ya msitu wa Isecheno, na kuporomoka mjini alasiri na mawe ya barafu. Mtu yeyote wa Kakamega anaijua mvua hiyo. Anaanua nguo kabla haijafika.

Nafasi ya mkuu wa mafunzo ilipotangazwa, wenzake walimwambia hiyo ni yake. Mshahara ungepanda kwa karibu theluthi moja, lakini anasema hilo halikuwa la kwanza. "Nilitaka rubani yeyote wa shirika letu, kabla hajabeba mama ya mtu, apite kwa mikono yangu."

Jina lake halikufika hata kwenye mahojiano.

Mkurugenzi wa shirika, Bw. Kiptoo, hamung'unyi maneno anapoulizwa. "Hakuna aliyesema Edah hajui kazi. Ukiniuliza nani aniendeshe kwenye mvua, nitasema yeye. Lakini mkuu wa mafunzo anaandika mitaala, anakaa na wakaguzi, anatetea bajeti mbele ya bodi. Bodi ilitaka mtu aliyepitia chuo. Na mimi nilikubaliana nayo."

Aliyepewa kazi alitoka nje, mwenye digrii na sifa zote, na hakumaliza mwaka. Shirika kubwa lilimchukua. Tangu hapo Lirhanda Air hukodi mwalimu kutoka Nairobi, na Edah hubaki kufundisha bila cheo.

"Nilikasirika," anasema. "Nilisema, digrii inashika usukani? Digrii inajua upepo wa hapa? Niliapa sitaenda."

Angeweza kuishia hapo, na makala hii ingekuwa fupi na chungu. Watu wangempigia makofi, wangesema vyeti havina maana, na kila mtu angerudi kwenye shughuli zake. Lakini Edah alipata somo mahali asipopatarajia, kwenye chumba cha mikutano chenye chai ya maziwa na mandazi.

Wakati huo ndege ya mwisho ya siku ilikuwa ikitua Kakamega saa tisa alasiri, saa ile ile mvua inapopenda kufika. Mara kwa mara ilibidi igeuzwe Kisumu au Eldoret. Edah alikwenda mbele ya bodi kuomba isogezwe mbele, itue kabla ya saa saba. Alizungumza kwa moyo wote. Aliwaambia mawingu yanavyojaa, upepo unavyogeuka, jinsi anavyoanza kuihisi mvua hata kabla hajaiona.

"Mmoja akaniambia kwa upole sana, 'Kapteni, hizo ni hisia.' Nilijua niko sawa na sikuwa na njia ya kuwaonyesha."

Majuma machache baadaye rubani wake msaidizi, Griffin Shikanga, kijana mwenye digrii ya takwimu, alikusanya rekodi za mvua na za safari zilizogeuzwa, akazichora kwenye ukurasa mmoja. Saa ziliandikwa chini, idadi ya safari zilizoharibika ikaandikwa kando, na penye saa tisa mstari ulisimama wima kama mlingoti. Bodi ilikubali kabla chai haijapoa.

Griffin mwenyewe anaona haya kulisimulia. "Mimi sikugundua kitu. Kila kitu nilichochora, Kapteni alikuwa ameshaniambia tukiwa hewani. Mimi nilikuwa najua tu kukiweka kwa njia ambayo mtu wa ofisi anaweza kukiona. Digrii haikunifundisha kutua. Kutua nafundishwa na yeye mpaka leo, na ananigombezanga."

Edah anasema aliumia siku mbili. Siku ya tatu akamwambia Griffin amfundishe ule mchoro. Na alipoanza kuuelewa, jambo la ajabu likamtokea: akaupenda. Aliona mvua yake ya alasiri, aliyoijua tangu akianua nguo za mama yake, imelala kwenye karatasi na inaweza kujadiliwa na mtu ambaye hajawahi kulowa Kakamega. Alitaka zaidi. Mwaka huo akajiandikisha chuo kikuu, digrii ya takwimu, masomo ya wikendi na jioni.

Siku ya kwanza darasani alifika moja kwa moja kutoka uwanjani, na mistari minne ya dhahabu mabegani.

"Tulidhani ni lec amekuja kufundisha," anasema Tyson, mwanafunzi mwenzake ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. "Darasa yote tukatoa vitabu. Akaenda akakaa nyuma. Nikamwuliza, mathe, si wewe ni pilot? Sasa unatafuta nini huku kwa masufferer kama sisi? Akaniambia anatafuta mvua. Nikasema huyu ameshikwa na mapepo. Lakini saa hii ndiye anatuamshanga tusome."

Si yote yaliyokwenda vizuri. Kazi ya urubani haina adabu na ratiba za chuo. Muhula uliopita, asubuhi ya mtihani wa takwimu ya pili, ukungu ulifunga Nairobi na ndege yake ikachelewa kuondoka. Alifika chuoni akikimbia, mtihani umefika nusu. Alijibu alichoweza. Hakikutosha. Huo ndio mtihani anaourudia Jumamosi, na safari hii ameomba ruhusa ya siku tatu kabla yake. Bw. Kiptoo aliitoa bila kuuliza swali.

Na mama?

Mama Immaculate alikuwa hajawahi kupanda ndege, ya bintiye wala ya mtu mwingine. Alisema miguu yake inapenda kugusa chini. Ilihitajika kitu kikubwa kumwondoa, na Aprili mwaka huu kikatokea: Tracy alijifungua Nairobi. Mama alikwenda kwa basi, akakaa na mjukuu, na siku ya kurudi mgongo ukagoma. Edah akamkatia tiketi ya ndege anayoiendesha yeye mwenyewe.

Kwenye ndege ndogo kama ile hakuna mlango kati ya rubani na abiria. Mama alikaa safu ya pili na kutoka hapo alimwona bintiye mgongo mzima. Rozari ilikuwa mkononi.

Aprili ni mwezi wa masika, na siku hiyo mvua haikungoja alasiri. Walipokaribia Kakamega, msitu ulikuwa hauonekani. Kulikuwa na ukuta mweusi tu, na ndani yake radi. Uwanja ulikuwa chini yake. Edah aliutazama mara moja, akazungumza kwenye redio, kisha akaigeuza ndege. Aliinua sauti kuwaambia abiria: "Jamani, mvua imetutangulia nyumbani. Tunaenda Kisumu. Tutakunywa chai huko, kisha tutafika."

Abiria mmoja, mtu mzito wa kandarasi, hakutaka chai ya Kisumu. Alikuwa na mkutano. Akafungua mshipi, akainuka nusu, akapaza sauti: Kwani haoni uwanja uko hapo? Huyu mwanamke alisomea wapi?

Mama Immaculate akageuka.

"Nilimwambia, 'Mimi ndiye mama yake. Keti chini ufunge mshipi,'" anasimulia, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yetu, anatabasamu. "Akaketi. Akanyamaza mpaka Kisumu."

Griffin, aliyekuwa kiti cha kulia, anathibitisha. Anasema ilibidi aume mdomo asicheke kwenye redio.

Lakini si ujasiri wake mwenyewe ambao mama anapenda kuusimulia. Anachokirudia ni ule mgongo.

"Mtu akiwa na wasiwasi anageuka-geuka," anasema. "Mimi nilikuwa natazama tu mgongo ya mtoto yangu. Haikucheza. Mikono yake ilikuwa inaenda pole pole, hapa, hapa, kama mtu anachagua mchele. Huyo kijana akimwuliza kitu anamjibu kama tuko jikoni. Nikasema, Maria, kumbe hii ndiyo alisomea."

Walikunywa chai Kisumu. Walipofika Kakamega kwa gari alasiri, mawe ya barafu yalikuwa bado yamelala kando ya barabara, na mabati ya vibanda vya soko yalikuwa yametobolewa. Mama aliyashika baadhi ya yale mawe mkononi.

Asubuhi iliyofuata, Mzee Andati anasema, aliamshwa na sauti ya vikombe vya wageni vikitolewa kabatini.

Sasa picha iko ukutani. Edah wa miaka ishirini na miwili, shati jeupe, tai nyeusi, uso wa msichana aliyetoka kulia na hataki ijulikane, amekaa katikati ya Bramwel na Tracy. Fremu ni mpya. Edah aliikuta alipokuja Jumapili, na anasema aliingia, akaketi, akaanza kuongea habari za chuo, na katikati ya sentensi akaiona.

"Sijamaliza ile sentensi mpaka leo," anasema. Macho yanamlowa, naye anayaacha.

Je, rubani anahitaji digrii? Nilimwuliza Edah tukiwa tumesimama kando ya ndege yake, mzee Osundwa akisikiliza kwa karibu kuliko alivyojifanya.

"Msichana akikuja kwangu leo ana pesa ya kitu kimoja tu, nitamwambia aende urubani kwanza," alijibu. "Ndege haitamwuliza joho. Lakini nitamwambia pia asitukane chuo kama nilivyotukana. Akitaka kuruka tu, leseni inatosha. Akitaka siku moja kuamua wengine warukeje, atakaa kwa meza na watu ambao hawajawahi kushika usukani, na lazima ajue lugha ya hiyo meza. Mimi nimeenda kuitafuta nikiwa mzee."

"Wewe si mzee," alidakia Osundwa. "Mzee ni mimi, na mimi nina filimbi tu."

Mipango yake iko wazi. Kazi yake ya mwisho chuoni ni juu ya mvua ya alasiri ya Kakamega, na anataka iwe somo la kwanza kwa rubani yeyote atakayeletwa kituo hiki. Bw. Kiptoo hakutaka kuahidi kitu, kama inavyompasa, lakini alisema tangazo la Januari litabandikwa na kwamba anatarajia kuliona jina fulani. Edah ana ndoto nyingine anayoitaja kwa sauti ya chini: darasa dogo hapa uwanjani, la watoto wa shule za Matungu na Mumias, waje waone ndege ikikaguliwa na wajue mapema njia inavyokwenda, ili ukoo wowote usichangie kitu usichokijua jina.

Kabla sijaondoka Mayoni, nilisimama tena mbele ya ule ukuta. Kulikuwa na jambo ambalo sikuliona nilipoingia. Chini kidogo ya picha ya sare, mahali palipopimwa vizuri, palikuwa na msumari mwingine. Mpya, unang'aa, haujaning'inizwa kitu.

Nilimgeukia Mama Immaculate, aliyekuwa akinifungia ndizi za kubeba.

"Huo ni wa joho," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi sijabadilisha maneno. Mwambie asome."